Kabla Mawe Hayajapita Karasha

Habari hii nimeipata kwa Domitila, mama anayeuza dagaa meza ya pili kutoka kwangu pale soko la Tarime. Alinipa vuli ya mwaka juzi, siku mvua ilipotufungia chini ya turubai tangu asubuhi, wateja hakuna, dagaa wamefunikwa, na sisi tumekunja miguu juu ya viti. Alianza kama mtu anayejisemea mwenyewe, na mpaka mvua inakatika nilikuwa nimesahau kwamba nina meza. Naiandika kama ilivyoniingia.

Ni habari ya binti yake Adero na kijana mmoja mchimbaji.

Adero alikuwa anapika chapati kwenye kibanda karibu na stendi, ng'ambo ya barabara ukitazamana na hospitali. Asubuhi moja basi la Mwanza linapiga honi, abiria anadai chapati zake, na katika haraka ile mafuta yakaruka kikaangoni. Yakamshika mkono kutoka kiganjani kwenda kwenye kiwiko. Jirani yake akamminyia dawa ya meno tyubu nzima, maana ndivyo tunavyofanya sisi, halafu akamvusha barabara kwenda idara ya dharura.

Adero alidhani atakuta dirisha na foleni. Alikuta meza mlangoni, na nyuma ya meza muuguzi anaitwa sista Jenipha, mwanamke mwenye miwani na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Jenipha akambana kidole kwa kidude kidogo chenye taa nyekundu, akampima presha, akamuuliza ameungua na nini, saa ngapi, kama ana mimba, kama kuna dawa yoyote anameza. Akamsafisha mkono kwa maji ya bomba, maji mengi, mpaka ile dawa ya meno ikabaki kidogo tu kwenye kiwiko. Kisha akamfunga utepe wa kijani kwenye mkono usioungua.

"Utasubiri, mdogo wangu. Daktari atakuona. Ila maumivu yakizidi au kichwa kikizunguka, usivumilie. Njoo uniambie."

Basi Adero akakaa kwenye benchi, na gauni lake la kitenge cha njano, mkono ameuinua kama anayeapa. Jua la asubuhi la Tarime halichomi, linaingia dirishani taratibu na kulala sakafuni. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti za chini, Kikurya huku, Kijaluo kule, Kiswahili katikati. Maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka kama mtu anayesahau kitu nyumbani.

Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia kijana mrefu amembeba mwenzake mgongoni. Aliyebebwa kichwa kinayumba, meno yanagongana. Jenipha hata hakukaa. Utepe mwekundu, pazia likafunguliwa, mgonjwa akaingia, pazia likafungwa. Kijana mrefu akabaki amesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope.

"Sista," Adero akasema, "mimi nimefika kabla yake."

"Najua, mdogo wangu. Hapa hatuangalii nani amewahi. Tunaangalia nani anaweza kututoka."

Adero akashusha mkono kwa aibu. Kijana akaja kukaa kando yake, akatazama kile kiwiko kilichobaki cheupe.

"Dada, hicho ni nini?"

"Dawa ya meno."

"Mkono wako una meno? Niambie mapema, nisogee."

Adero alikuwa amejiandaa kununa. Kicheko kikamtoroka.

Kijana huyo alikuwa Mboje, Msukuma wa upande wa Shinyanga, amefuata dhahabu iliyosikika milimani kuelekea Nyanungu. Mgonjwa wake alikuwa Nyangwine, Mkurya wa palepale, mwenzake wa duara moja. Duara ndilo lile shimo lao wanaloshuka kwa kamba. Malaria ilikuwa imempanda Nyangwine kichwani.

"Atapona?" Mboje akauliza, na sasa hakuwa anatania.

"Kama wamemkimbiza ndani vile," Adero akajibu, "basi wanajua wanachofanya. Mimi wameniacha nikae, maana yake sifi leo."

"Usife. Sijakuuliza jina."

Mpaka Adero anaitwa kufungwa bandeji, Mboje alikuwa na jina na namba ya simu. Na Nyangwine jioni ile alikuwa anaomba uji.

Baada ya hapo ikawa ni simu. Kule machimboni mtandao haupatikani ila juu ya jiwe moja kubwa, na Mboje kila asubuhi alipanda jiwe lile kabla ya kushuka shimoni.

"Mwangaluka," anasema, kwa salamu ya kwao.

"Oyawore," Adero anamjibu kwa ya kwao, ya Kijaluo, na chapati inageuzwa.

"Leo umevaa nini?"

"Moshi."

"Na juu ya moshi?"

"Aproni. Shuka shimoni, Mboje, wateja wananitazama."

"Wanakutazama? Wangapi? Wanaume?"

"Wote wana njaa. Hawanitazami mimi, wanatazama kikaango."

Siku za gulio Mboje alikuja mjini amenawa, amejipaka mafuta, na wakatembea pale stendi katikati ya bodaboda na magunia ya ndizi kama watu wanaotembea ndani ya maji, polepole, hawasikii honi. Domitila aliniambia binti yake siku hizo alikuwa anatia chumvi mara mbili kwenye unga, na wateja walikula wakanyamaza.

Mwisho Mboje akasema yeye si mtu wa kusimama barabarani na binti wa watu. Atakuja Jumapili ajitambulishe. Akanunua shati la bluu lenye mikono mirefu, akalikunja na kulihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na vumbi. Domitila akakaanga sangara mzima. Akamwita na kaka yake Odoyo, mjomba wa Adero, ambaye anaishi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Akaja na koti la suti juani.

Mboje hakuja.

Mafuta yakaganda juu ya samaki. Odoyo akatazama mlango, akatazama saa, akasema kwa Kiswahili chake cha kule, "Sasa huyu kijana ako wapi? Ama ni wa kwenye simu tu?"

Jumatatu Mboje akapiga. "Kazi zilinibana, mpenzi."

"Kazi gani ya Jumapili?"

Upepo wa juu ya jiwe ukavuma kwenye simu.

"Zilinibana tu. Nisamehe. Wiki ijayo—"

Adero akakata. Kisha akaifungia namba ile isiingie tena, akapika siku nzima.

Sasa nikuambie kilichokuwa kimetokea, ambacho Adero hakukijua. Jumamosi ile kamba ilikuwa imekatika, na Mboje akaporomoka. Akaangukia ubavu wa kushoto juu ya gogo la kuegemeza kuta za shimo. Akainuka, akajipangusa. Wenzake wakatazamana, wakanyamaza, naye akanyamaza. Maana duara lile lilikuwa na mwiko: mtu akiumia humo ndani hasemi, si kwa mke, si kwa daktari, mpaka mawe ya awamu ile yamepita karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Akisema mapema, dhahabu inasikia na kuhama, na jasho la wote limepotea. Viroba vyao vilikuwa bado vinasubiri zamu kwenye karasha. Mboje hakuweza kutembea kwa wakwe ameinama kama mzee bila kuulizwa umeumia nini. Akaona heri asiende.

Siku zikapita, ubavu ukapoa, akadhani yamekwisha. Halafu asubuhi moja akaamka tumbo limekaza kama ngoma. Nyangwine akampakia kwenye bodaboda mpaka Tarime. Mboje akavaa lile shati la bluu. Alisema kama anakwenda mjini, basi huenda atamwona mtu.

Mlangoni Jenipha alimkumbuka. "Leo ni wewe? Una nini?"

"Tumbo, sista. Nadhani ni maharage."

"Umeanguka? Umepigwa? Umenyanyua kitu kizito?"

"Hapana."

"Niambie tu, kaka yangu. Ninachouliza hapa si kwa ajili ya kukugombeza. Ni kwa ajili ya kujua nikupeleke wapi."

"Hapana, sista. Maharage."

Jenipha akampima. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kidogo. Akamfunga utepe wa njano. "Hapa katikati. Usile, usinywe kitu, hata maji, mpaka daktari akuone. Nitapita kukupima tena. Ukibadilika, niite."

Nyangwine akavuka barabara. Akasimama mbele ya kikaango cha Adero kama mtoto aliyevunja sahani.

"Shikamoo—aa, habari, shemeji."

"Shemeji wa nani? Mwenzako ameshaoa huko?"

"Yuko hapo hospitali."

Kijiko cha kugeuzia kikasimama hewani. "Anaumwa nini?"

Nyangwine akatazama chapati. "Tumbo."

Adero akamshikisha kile kijiko. "Geuza hizo, zisiungue."

"Mimi? Shemeji, mimi mchimbaji!"

"Basi chimba hizo."

Akavuka na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na maneno mengi amepanga. Alipomwona Mboje kwenye benchi lilelile, ndani ya shati la bluu jipya lenye mikunjo ya mfuko bado, maneno yakapungua, lakini yalibaki ya kutosha.

"Mwangaluka," Mboje akasema, kwa sauti ndogo.

"Usiniamkie. Sijaja kuamkiwa. Mama yangu alikaanga samaki mzima. Mjomba wangu alivuka mpaka na koti. Unajua mtu akikaa na koti juani anakuwaje? Anakuwa na maswali. Aliniuliza wewe uko wapi. Nikajibu nini?"

"Ulijibu nini?"

"Nilijibu utakuja! Mpaka jioni nilikuwa najibu utakuja!"

Mama mmoja kwenye benchi akageuza uso asionekane anasikiliza, masikio akayaacha.

"Una haki," Mboje akasema. "Nipe maji, mpenzi."

"Huyo asinywe," sauti ya Jenipha ikatoka mezani.

Adero akamshika mkono amwondolee chupa ya maji ya jirani aliyokuwa anaifikia. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa. Akamtazama vizuri sasa. Midomo imepauka. Na kwa mkono wa pili amelishika bega la kushoto.

"Bega lina nini?"

"Sijui. Tumbo linauma, bega linajibu."

Adero akakaa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imesogea pembeni, kama mtu anayempisha mgonjwa njiani.

"Mboje, mimi nimeungua mara nyingi. Namjua mtu anayeficha maumivu. Kuna kitu hukuniambia Jumatatu, na sasa hujamwambia sista. Niambie. La sivyo navuka barabara narudi kwenye chapati zangu, na mimi na wewe basi."

Mboje akafumba macho. Aliona viroba vyao vimepangwa kivulini, na katika kila jiwe uzi mwembamba unaong'aa. Aliwaona wenzake wanne wamekaa juu ya viroba hivyo, wanasubiri zamu. Kila kitu kilikuwa mbali na kidogo, kama kinatazamwa kutoka juu ya lile jiwe la mtandao.

"Nikisema, itahama," akanong'ona.

"Nini itahama?"

"Dhahabu." Akamweleza mwiko, maneno mawili mawili, akipumua katikati.

Adero hakucheka. Kwao pia kuna yasiyosemwa. Kila nyumba ina yake. Akamsogelea mpaka unga wa nyusi zake ukamdondokea yule kijana kwenye shati.

"Dhahabu ikihama mtachimba tena. Wewe ukihama, mimi nikuchimbe wapi?"

Mboje akafungua macho.

"Niliporomoka," akasema. "Jumamosi ile. Kamba ilikatika, nikaangukia gogo. Hapa."

"Sista!" Adero alikuwa ameshasimama. "Sista, huyu ameanguka shimoni! Ameangukia ubavu!"

Benchi zima likageuka. Jenipha hakugombeza. Alikuja kwa hatua ndefu, akapima, akakata utepe wa njano na kufunga mwekundu, na machela ikawa imefika kabla Adero hajamaliza kushusha pumzi. Nyuma ya pazia watu watatu walimzunguka, kila mmoja na kazi yake: huyu sindano za maji mikono yote miwili, huyu oksijeni, huyu mkasi.

"Msikate," Mboje akasema kwa usingizi. "Hilo shati ni la ukweni."

"Mkwe akikutaka atakutaka bila shati," daktari akasema, na mkasi ukapita.

Wakampaka tumboni kitu cha baridi kama ute, wakapitisha kile kidude cha kutazamia ndani. Kwenye kioo, daktari akamwonyesha Adero, aliyekuwa ameifuata machela, weusi mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na weusi. Damu. Bandama ilikuwa imepasuka tangu siku ile ya gogo, ikajifunga yenyewe, na sasa imeachia. Inabidi afanyiwe upasuaji, na inabidi aongezewe damu.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Kwao ni Shinyanga."

"Na wewe ni nani wake?"

Hakuna aliyekuwa amelitamka neno lile kati yao, si kwenye simu wala stendi. Adero akatazama machela.

"Mchumba wake," akasema.

Na kutoka kwenye machela, kwa sauti ya mtu anayezama kwenye pamba: "Umesikia, daktari? Amesema mwenyewe."

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Akiba ya damu ya kuanzia ilikuwepo, lakini waliombwa ndugu waje kuchangia. Adero akapiga simu kwa mama yake, Domitila akampigia kaka yake, ambaye alikuwa Sirari kwenye biashara zake. Domitila akafika kwanza, kisha Odoyo akaingia na koti lake lilelile.

"Kijana ako wapi?"

"Anapasuliwa, mjomba."

"Jumapili amenikalisha kama picha ukutani. Leo anataka damu?"

"Ndiyo, mjomba."

Odoyo akavua koti, akalikunja, akamkabidhi dada yake. Akakunja mkono wa shati. "Toeni. Mwambieni akiamka, nyumbani nilisema aje kwa miguu, si kwa mishipa."

Nyangwine naye alikuja, akinuka chapati zilizoungua, akalala kitanda cha pili kutoa damu bila kuulizwa. Halafu wakakaa. Kukaa kule, Domitila aliniambia, ndiko kulikomchosha kuliko kuzaa. Kila baada ya muda Jenipha alitoka kuwaambia: bado wanaendelea, damu imesimama, wanashona. Jua likahama kutoka kwenye miguu ya Adero kwenda kwenye ukuta, likapanda ukuta, likatoka. Watu waliingia na tepe zao, wa kijani wakalalamika, wa nyekundu wakapitishwa, na Adero akajikuta anamwambia msichana mmoja aliyekuwa anafoka, "Subiri, dada. Kama wamekuacha ukae, shukuru."

Mwisho mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa. Mboje alikuwa mzima.

Kesho yake mchana, saa ya kuona wagonjwa, Mboje alikuwa wodini, amepauka lakini ni yeye. Waliruhusiwa wawili wawili, kwa hiyo Domitila na Odoyo wakabaki kwenye benchi la barazani, mlango wazi, na Nyangwine akaingia na Adero. Nyangwine alisimama mwishoni mwa kitanda, anazungusha kofia.

"Mawe yamepita karasha," akasema.

Mboje akageuza kichwa. "Imetoka?"

"Kidogo. Ya kulia ugali, basi." Akakohoa. "Mura, wenzetu wanasema umeifukuza. Niliwaambia ungekufa. Wakasema angekufa kimya. Hawakutaki tena duarani."

"Na wewe?"

"Mimi uliponibeba hukuuliza zamu ya nani." Nyangwine akavaa kofia. "Nimewaambia watafute mtu wa tano, na wa nne pia, maana nami nimetoka. Ngoja niende barazani, hapa pananuka dawa."

Wakabaki wawili. Mvua ilianza, kwanza kama watu wanaonong'ona juu ya bati, halafu kama soko zima.

"Adero. Sina duara."

"Nimesikia."

"Sina shati."

"Nililiona likikatwa."

"Hata bandama sina."

"Daktari alinionyesha. Ilikuwa mbaya, acha iende."

"Usinichekeshe, nyuzi zinavuta." Akamshika mkono ule wenye kovu la mafuta. "Mtu hana duara, hana shati, hana bandama. Anaweza kuoa?"

"Anajua kusukuma chapati?"

"Hajui."

"Anafundishika?"

"Akifundishwa na wewe."

"Basi anaweza," Adero akasema. "Lakini jibu langu ni nusu. Nusu nyingine iko barazani na koti."

Kutoka barazani Odoyo akapaza sauti, maana masikio yake yalikuwa wodini muda wote: "Mambo ya ng'ombe tutaongea akiweza kucheka bila kulia! Sasa muwache apumzike!"

Domitila akamfinya kaka yake, Odoyo akacheka peke yake, kisha akaegemea ukuta. Mvua ile haikuwa na haraka. Mama akawa wa kwanza kusinzia. Kichwa kikamwangukia Odoyo begani. Odoyo akasema hatasinzia barazani pa watu, na kabla hajamaliza kidevu kilikuwa kimezama ndani ya kola. Nyangwine akachuchumaa pembeni, kofia usoni, akakoroma.

Mboje alikuwa anaogopa kufumba macho. Kila akifumba, kamba inakatika.

"Lala," Adero akamwambia, ameweka shavu kwenye ukingo wa godoro. "Mimi niko macho. Ukiporomoka nakudaka."

"Kweli uko macho?"

"Niko."

"Adero?"

Pumzi ya Adero ilikuwa imeshakuwa ndefu, na unga wa asubuhi ulikuwa bado kwenye nyusi. Mboje akamtazama kwa muda, asimwamshe. Akaisikiliza mvua ikienda na kurudi juu ya bati, akauacha mkono wake ndani ya mkono wa yule binti, akafumba macho kwa kujaribu tu. Kamba haikukatika. Akalala.